Nimeombwa niwe mzee wa kanisa, nami niliwahi kuchukua fedha katika kasha la sadaka

Mwimbaji wa Majengo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninawaandikia kutoka Goma, mtaa wa Majengo, na ninaomba mnisome kwa subira, kwa kuwa jambo hili sijalisema kwa mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Nina umri wa miaka 33. Nilianza kuimba nikiwa na miaka 14, nikawa kiongozi wa kwaya ya vijana, na kwa miaka minne sasa ninasimamia idara nzima ya vijana katika kanisa letu. Mwezi uliopita mchungaji aliniita nyumbani kwake akaniambia kwamba baraza la wazee limeona nimekomaa, na kwamba jina langu litaletwa mbele ya washirika ili niwekewe mikono kuwa mzee wa kanisa. Wengi wa wanaokaa katika baraza hilo walimzika baba yangu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma noti za muziki. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikataa pikipiki nikarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima, kwa sababu sikutaka kufika upesi na kuulizwa tumezungumza nini.

Sababu ni hii. Mabenki ya mji wetu yalipofunga milango kwa sababu ya vita mwishoni mwa Januari 2025, kanisa halikuwa tena na mahali pa kuweka sadaka. Baraza likaamua kwamba kasha lilale kwa mtu mwaminifu, anayekaa karibu na kanisa, mwenye mlango wa chuma, na mtu huyo nikawa mimi. Ni kasha la bati, rangi yake ya kijani imebanduka kwenye pembe, lina kufuli moja, na ufunguo ulikuwa kwangu pamoja na daftari la hesabu. Mwezi wa Septemba mdogo wangu wa kike alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani karo ya shule. Mimi ni seremala, na mteja mmoja alikuwa hajanilipa vitanda viwili. Nilifungua kasha usiku, nikatoa dola 40, sikuandika kitu. Baada ya siku 9 nililipwa, nikazirudisha, noti mbili za dola 20. Hesabu ya mwezi ilisomwa kanisani bila kasoro, nayo ikapigiwa makofi.

Tangu hapo kinachonisumbua si fedha peke yake. Katika siku zile 9 niliongoza vipindi viwili vya maombi, na Jumamosi moja niliwafundisha vijana somo juu ya uaminifu, tena nililifundisha vizuri, sauti haikutetemeka hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba nimezoea kuongoza kiasi kwamba kazi inaweza kuendelea yenyewe hata mimi nikiwa simfuati Bwana. Ninajua kupanga ratiba, kupatanisha waimbaji waliogombana, kuomba kwa maneno yanayowagusa watu. Hayo yote yamekuwa yakiongezeka mwaka hadi mwaka. Lakini nikijiuliza kama leo ninamfuata Yesu kuliko siku zile nilipokuwa mtoto nikibeba ngoma ya kwaya kichwani, sina jibu.

Nikubali kazi hii? Niikatae bila kutoa sababu? Niseme, na nikisema, nimwambie nani? Tena lipo swali ambalo kwangu ni kubwa zaidi: mtu anakuaje katika uongozi wa kanisa bila uongozi wenyewe kumtenga na Yule anayesema anamfuata?

Fundi Simu, Birere

Ndugu yangu, kwa maoni yangu unajitesa. Ulikopa, ukarudisha, na kasha halikupungua hata faranga moja. Katika mji huu wapo watu waliokula mali ya wengine mchana kweupe na bado wanakalia viti vya mbele siku ya ibada, nawe unaumwa kwa ajili ya dola 40 zilizokwisha kurudi mahali pake? Tubu chumbani mwako, ukubali kazi, uwatumikie watu. Ukilitangaza jambo hili utawapa maneno wale wanaosema kwamba makanisa yetu ni biashara, na mdogo wako atakaa darasani akijua kwamba minervali yake imekuwa habari ya kanisa zima.

Mzee wa Katindo

Mwanangu wa Majengo, ndugu wa Birere amesema neno la haki kuhusu mdogo wako, na ninaomba ulishike: jina la binti huyo lisitajwe na mtu. Hayo mengine siyakubali. Mkopo ni wa watu wawili, mwenye kukopa na mwenye kukopesha. Usiku ule ulikuwa peke yako.

Mimi ni mzee wa kanisa tangu 1998, na ninachotaka kukusimulia sikukisema hadharani kwa miaka mingi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Tuliokuwa tumekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, tulirudi baada ya siku chache, tukikanyaga mawe yaliyokuwa bado yanatoa joto chini ya viatu. Msaada ulipoanza kufika, mablanketi, sabuni na maturubai, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika orodha ya washirika waliopoteza nyumba, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Sikuiba hata kipande cha sabuni. Lakini majina 11 ya kwanza yalikuwa ya watu wa ukoo wangu na wakwe za kaka yangu, na maturubai yalikuwa machache kuliko majina. Wala sikujiona mwenye kosa. Nilijiona mtu anayejua vizuri nani ana shida, kwa kuwa shida za watu wangu ndizo nilizokuwa nazijua.

Alikuwepo mama mmoja mjane, muuza makala, yaani makaa, kwa vikopo, ambaye hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee orodha. Nikaanza juu kabisa, jina kwa jina, naye amesimama, kitambaa chake cha kichwa kimejaa vumbi jeusi. Jina lake lilikuwa la 64. Nilipolifikia alitikisa kichwa polepole akasema: “Asante, Mzee. Jina langu umelisoma ukiwa umechoka.” Akaenda zake. Hakunishitaki kwa mchungaji wala kwa jirani.

Usiku ule nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Nilikuwa nimeifundisha mara nyingi kama habari ya kugawana kazi: mitume washike maombi na Neno, wengine wahudumu mezani. Sikuwa nimeona kwamba habari hiyo inaanza na orodha kama ile yangu. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na sidhani kwamba waliowasahau walikuwa watu wabaya. Nadhani waliwajua zaidi wajane wa lugha yao. Sasa tazama majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kwa jinsi ninavyoisoma, kanisa la Yerusalemu liliichukua meza likaiweka mikononi mwa upande uliokuwa ukinung'unika. Jumapili iliyofuata nilimpelekea mchungaji daftari langu, nikamwomba orodha iandikwe upya na watu watatu, mmoja wao akiwa jirani wa yule mama. Usinifanye shujaa kwa hilo. Nilikuwa naona haya kukutana naye barabarani.

Nije kwenye swali lako kubwa. Katika Mathayo 4, kando ya ziwa, Yesu anawaita Simoni na Andrea, na neno tunalolisoma “nifuateni”, katika Kiyunani ni kama kusema “njoni nyuma yangu”. Katika sura ya 16 Petro amekwisha kuahidiwa funguo za ufalme wa mbinguni, mistari michache baadaye anamchukua Bwana kando na kuanza kumkemea, naye anajibiwa: “Nenda nyuma yangu, Shetani.” Hiyo “nyuma yangu” ni ileile ya siku ya kwanza ziwani. Kwa miaka mingi niliisikia kama neno la kumfukuza mtu. Siku hizi naisikia pia kama neno la kumrudisha mtu mahali pake: ulikuwa nyuma, umepita mbele, rudi. Hatusomi kwamba funguo zilichukuliwa. Tunasoma kwamba mara tu baada ya hapo Bwana aliwaambia wanafunzi habari ya msalaba na kumfuata, na hapo tena Kiyunani kinasema “nyuma yangu”. Nawe ulikuwa na ufunguo, mwanangu, ukapita mbele.

Ongeza jambo la makaa. Yohana anautaja moto wa makaa mara mbili katika Injili yake: katika ua wa kuhani mkuu, ambako Petro alikana akiota moto, na katika sura ya 21, ufukweni, ambako Yesu alikuwa ameweka samaki na mkate. Sisi watu wa Goma tunaopikia makala asubuhi na jioni hatuhitaji mwalimu wa kutueleza harufu ile inavyoweza kumkumbusha mtu usiku anaotaka kuusahau. Bwana alimpitisha Petro kwenye harufu hiyo kwanza, ndipo akamkabidhi kondoo. Na akiisha kumkabidhi mara tatu, anamwambia “Nifuate”, kisha anamwambia tena, kwa sababu Petro, hata dakika haijapita, amekwisha kugeuka kuuliza habari za mwanafunzi mwingine. Miaka baadaye Petro, anapowaandikia wazee wa makanisa, anajiita “mzee, mwenzi wao”, na anawaonya wasijifanye mabwana. Huwa ninajiuliza kama aliandika maneno hayo bila kuwakumbuka wale samaki.

Ushauri wangu: usikatae kimya kimya, wala usikubali kimya kimya. Mwendee mchungaji kabla jina lako halijaletwa kwa washirika, na daftari uwe nalo mkononi.

Mama wa Sambaza, Kituku

Yesu asifiwe, wanangu, na wewe Mzee wetu wa Katindo. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kituku, na ni mweka hazina wa idara ya wanawake kanisani kwetu. Nimeyasoma yote, nami nimebarikiwa, lakini nimeshangaa kwamba hakuna mwanaume hata mmoja aliyeuliza habari ya kufuli. Kufuli moja! Ufunguo mmoja! Na daftari katika nyumba ileile!

Sisi wanawake wa sokoni tuna kikundi cha akiba na mkopo, kile wanachokiita AVEC. Tuko 25. Kasha letu lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanawake watatu wanaokaa mitaa mitatu. Anayelala na kasha nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Hatufungui isipokuwa tukiwa tumeketi wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti juu ya kitenge kilichotandikwa chini, na kabla ya kufunga mwenyekiti anataja jumla, nasi tunaambiwa tuikariri. Mkutano unaofuata, kabla kasha halijafunguliwa, anauliza: tuliacha kiasi gani? Wale ambao hawakupita shuleni ndio wanaojibu upesi. Siku moja mwenye ufunguo wa pili alichelewa saa mbili kwa sababu mtoto aliumwa, tukamngoja, watu wamekasirika, samaki wanaharibika, na hakuna aliyesema tuvunje kufuli.

Mtume Paulo alifanya hivyohivyo. Alipokuwa akikusanya mchango wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu, katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, anaeleza kwamba Tito anakwenda, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na anatoa sababu waziwazi: hataki mtu apate la kumlaumu katika fedha hizo. Kama Paulo alitaka wenzake wamwone, seremala wa Majengo ni nani alale na kasha peke yake? Na aliyeushika mfuko wa Yesu na wanafunzi wake, Yohana anatuambia, alikuwa Yuda. Sisemi kwamba kufuli tatu zingemponya Yuda, maana yake yalikuwa mengine. Nasema kwamba baraza lenu lilimwacha kijana peke yake na fedha katika mwaka wa njaa, likaona limemheshimu.

Hata hivyo, mwanangu, nisikie vizuri. Usiende kwa mchungaji ukaanza na habari ya kufuli. Kufuli haikuchukua dola 40. Sema kwanza ulichofanya, kwa sentensi moja, kama ulivyotuandikia sisi hapa: nilifungua kasha, nikatoa, sikuandika. Kisha nyamaza. Ukiona ulimi unataka kuongeza “lakini nilirudisha”, uzuie, ungoje mpaka uulizwe. Habari ya kufuli uilete siku nyingine, usije ukaonekana unajifunika nayo.

Lingine ni hili. Wewe unasema umekua katika kuongoza. Ni nani aliyekua chini yako? Yupo kijana ambaye leo anaweza kuongoza kipindi cha maombi bila wewe kuwepo, au wote wanangoja uje na funguo za chumba cha vyombo? Sikuulizi kwa ubaya. Barnaba alimtafuta Sauli Tarso akamleta Antiokia, na mwanzoni tunasoma “Barnaba na Sauli”, halafu katika Matendo 13 majina yanaanza kugeuka, Paulo anatangulia. Sijasoma mahali ambapo Barnaba alilalamika kwa sababu hiyo. (Baadaye waligombana kwa ajili ya Marko, ndiyo, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Mkristo wa Shirika, Ndosho

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nanyi mtaniwia radhi nikiingia katika mazungumzo ya ndugu Waprotestanti.

Mji wetu una mtu wa kukumbuka katika jambo hili. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliyekuwa akiwahudumia watoto wa mitaani. Kazini alikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika, akatekwa, akauawa mwezi wa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Hakuwa padri wala katekista mkuu. Mamlaka yake yote ilikuwa kalamu na muhuri, na hapo ndipo alipotakiwa kuonyesha ni nani anayemfuata. Simtaji ili nikuaibishe, ndugu wa Majengo. Namtaja kwa sababu uliandika kana kwamba ufuasi uko upande wa maombi na nyimbo, na kasha liko upande wa kazi, wakati kwake ulikuwa katika karatasi za forodha.

Neno moja la tahadhari. Kwetu mtu huungama kwa padri, na padri amefungwa. Hawezi kulitoa alilolisikia, iwe nini. Kwenu sijui kama mchungaji amefungwa namna hiyo. Basi, kabla hujasema, mwulize maneno yako yatafika wapi. Una haki ya kujua mlango unaoingia.

Fundi Simu, Birere

Mama wa Sambaza amenimaliza. Nakubali kwamba haukuwa mkopo. Ila bado naogopa mambo ya kusema mbele ya kanisa zima. Nimeona mtu aliyesimama akaungama kosa dogo, na miaka mitano baadaye watoto wake bado wanaitwa kwa kosa hilo.

Shemasi wa Himbi

Hofu hiyo ina msingi. Nimekaa katika mabaraza mawili tofauti, na ninaweza kusema kwamba kosa lisemwe kwa wale linaowahusu. Fedha zilikuwa za kanisa, lakini kanisa liliwakabidhi wazee, nao wakakukabidhi wewe. Hao ndio uliowavunjia amana. Mchungaji kwanza, kisha baraza kwa maneno yaleyale. Kama baraza litaona inafaa washirika wajue, hiyo itakuwa kazi yao ya kuamua, si yako. Nimeshuhudia pia toba ambayo mwenye nayo alisimama mbele ya kipaza sauti akalia, watu wakalia, na mwisho wa ibada akawa mkubwa kuliko alivyokuwa. Ujihadhari nayo, hasa wewe unayejua kuwagusa watu kwa maneno.

Kuhusu kuwekewa mikono, 1 Timotheo 3 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza, ndipo wahudumu. Huwa tunausoma mstari huo kana kwamba kujaribiwa ni kungoja tu miaka ipite. Wewe umejaribiwa kweli, na sehemu moja hukupita. Baraza likikuambia ungoje, usilichukue kama adhabu ya dola 40. Na likikuambia usingoje, niko tayari kusema kwamba litakuwa limekosea, ingawa najua Mzee wa Katindo huenda asikubaliane nami.

Mzee wa Katindo

Nakubaliana nawe, Shemasi. Mimi sikungojeshwa mwaka 2002, na nadhani ingefaa ningojeshwe.

Mwimbaji wa Majengo

Wapendwa, zimepita wiki tano, nami nina deni la kuwaeleza.

Nilikwenda kwa mchungaji siku ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka. Nilimwuliza kwanza maneno yangu yatafika wapi, kama ndugu wa Ndosho alivyonifundisha. Akafikiri, akasema yatafika kwa baraza na hayatapita hapo bila yeye kuniambia. Nikasema ile sentensi moja. Mama wa Sambaza, ulimi ulitaka kuongeza, nikauzuia, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko wimbo wowote niliowahi kuimba. Mke wake aliingia na chai, akaona nyuso zetu, akarudi nayo. Kisha mchungaji akaniuliza kama zilirudi, nikajibu ndiyo, akaniuliza ni za nini, nikamwambia ni shida ya nyumbani. Hakuuliza zaidi.

Mbele ya baraza ilikuwa vigumu zaidi. Yule mzee aliyenifundisha noti hakusema neno siku ile, na Jumapili mbili zilizofuata hakunipa mkono. Ya tatu alinipa. Wameahirisha jina langu kwa mwaka mmoja. Kipindi cha maombi cha Jumatano kimepewa vijana wawili ambao sikuwahi kuwajaribu. Wa kwanza aliomba kwa dakika nne tu, akakaa, na hakuna aliyejua la kufanya baadaye, nami nilikuwa nimeketi mstari wa mwisho nikijizuia nisiinuke. Hatimaye mama mmoja alianzisha wimbo.

Habari ya kufuli niliileta baada ya wiki mbili. Mzee mmoja alisema kwamba mambo ya AVEC ni ya sokoni, hayana nafasi kanisani. Mke wake, ambaye yumo katika kikundi kama hicho, alikuwa jikoni akisikia, na sijui walizungumza nini usiku, ila kikao kilichofuata mzee yuleyule ndiye aliyetoa fedha za kununua kufuli mbili nyingine. Kasha bado linalala kwangu, kwa ajili ya ule mlango wa chuma. Sina ufunguo.

Jumapili iliyopita tulihesabu kwa sauti, watu sita tumezunguka meza ya ushirika. Zilikuwa faranga 214,500 na dola 23. Kulikuwa na ubishi juu ya noti ya dola 5 iliyochanika kwenye kona, kwa sababu hakuna duka la Birere litakaloipokea, na wengine walitaka isihesabiwe kabisa. Anayeandika daftari sasa ni binti niliyemfundisha sauti ya pili miaka sita iliyopita. Aliwaacha wabishane mpaka walipochoka, kisha akaiandika katika mstari wake peke yake: dola 5, imechanika.